Ndoo ya Kondoo Juu ya Mishkaki Yangu, Kisha Naulizwa Kama Nitanunua Mayai

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa ndani ya hema na mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa gambuti za kijani, mkulima mwenye kambi kule Derbyshire, England, ambaye kila Mswahili aliyewahi kupiga kambi kwenye vilima vya Peak District anamfahamu na sina haja ya kumtaja, jioni hii amechukua ndoo ya maji ya kondoo na kuimimina juu ya jiko langu wakati mishkaki inageuzwa upande wa pili. Hakuuliza wala hakubisha hodi; hata kukohoa hakukohoa.

Shamba lenyewe lina bomba moja, choo kimoja kilichokuwa banda la kukamulia ng'ombe, na mteremko ambao ukilala Sheffield unaamka Derby. Hayo yote niliyavumilia. Lakini ndoo! Nyama ilikuwa imelala katika tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi tangu jana, mafuta yanachuruzika, watoto wameshashika sahani, jua la Juni bado halijazama saa mbili usiku, ndipo maji yenye manyoya yakashuka. Moshi uliopanda nadhani umeonekana Mombasa. Alipomaliza akaikung'uta ndoo ili tone la mwisho lisipotee, akaniuliza kwa upole kama kesho nitahitaji mayai.

Mtoto wa Tanga: Pole sana, ndugu. Ilikuwa nyama ya ng'ombe au ya mbuzi? Kama ni ya mbuzi hujapata hasara. Kamulia ndimu, tia pilipili, uwaambie wageni kwamba ni supu.

Mama Ntilie wa Leeds: Tukumbuke kwamba mwaka 2018 nyika ya Saddleworth, katika safu ya vilima hivyo hivyo, iliwaka hadi wanajeshi wakaitwa kusaidia kuzima. Udongo wa mboji ukishika moto huungua chini kwa chini, kwa hiyo mkulima wa kule akiona cheche hana muda wa kubisha hodi.

Mwenye uzi: Dada yangu, nyasi zilikuwa zimelowa kiasi cha kufuga kambale, na jiko lilisimama juu ya matofali aliyoniletea yeye mwenyewe. Matofali alete yeye, maji amwage yeye! Tena ya kondoo.

Kijana wa Reading: Wewe umemwagiwa maji, sisi kule Cornwall tuliyakosa. Bafu lilikuwa la kutumbukiza sarafu, nayo muda wake ukaisha nikiwa na sabuni mpaka machoni, nikalazimika kuvuka konde zima kwa taulo nikitafuta chenji, huku njia ya umma ikikatiza katikati ya mahema na wazee wenye fimbo wakipita kwa haki yao ya kisheria, wakinisalimu mmoja mmoja.

Mkaazi wa Bristol: Tangu mwaka 2023, mkulima wa England aliporuhusiwa kuweka mahema siku 60 kwa mwaka bila kuomba kibali cha mipango, badala ya siku 28 za zamani, kila mwenye konde na bomba amekuwa mwenye kambi. Nendeni Dartmoor, kule kusini-magharibi mwa England, ambako Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2025 kwamba mtu anaweza kulala hemani kwenye nyika ya malisho ya pamoja bila idhini ya mwenye ardhi.

Mtoto wa Tanga: Dartmoor moto ni marufuku, mkuu. Mishkaki ataichoma kwa dua?

Mwenye uzi: Jamani, ndoo.

Kijana wa Reading: Turudi kwenye sarafu. Kwa nini mashine hizi hazikubali kadi, wakati hata kasha la mayai pale getini sasa linakubali?

Mama Ntilie wa Leeds: Na aliyeazima nyundo yangu ya vigingi wakati wa Pasaka anairudisha lini?

Mkaazi wa Bristol: Ile yenye mpini mwekundu? Nilidhani ni ya yule bwana wa gambuti.