Nisimulie kwa "mimi" au kwa "yeye"? Riwaya imenikwama

Kalamu Butu (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Nina riwaya ya dada wawili wa Pangani wanaogombania nyumba aliyoacha baba yao. Msimulizi ni binti wa yule mdogo, ana miaka 9. Sura tatu za "mimi" zimetiririka vizuri. Sasa kuna kikao cha usiku, mama mkubwa anatoa hati ya nyumba, na mtoto amelala. Nikihamia nafsi ya tatu naandika upya kurasa 40. Nimeonja ukurasa mmoja, nikapata hii: "Alimtazama, akamnyang'anya karatasi, akamwambia ataondoka." Hata mimi sijui anaondoka nani. Ushauri tafadhali.

Mchwa wa Vitabu
Hahaa, hapo ndipo Kiswahili kinapokomoa. A- na -m- ni za kila mtu, na wewe una wanawake wawili ugomvini. Ukienda nafsi ya tatu itabidi uwataje mara kwa mara. Kwa "mimi" hilo limekwisha: ni "mama" na "mama mkubwa", na msomaji anajua mtoto yuko upande gani bila kuambiwa.

Msomaji wa Usiku
Mimi ningechukua msimulizi maizi, yule anayejua yote hadi mawazo ya kila mhusika. Bibi zetu walianza na "hapo zamani za kale" wakajua hadi anachowaza fisi, na hatukuwauliza wamejuaje. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) iko nafsi ya tatu na inauma vilevile. Utaingia moyoni mwa dada wote wawili.

Jiko la Kuni
Napinga, mkuu. Ukiingia mioyo yote miwili, ugomvi unapoa, maana tutajua mapema nani ana haki. Mwamshe huyo mtoto, lakini usimpe kila kitu. Mfano:

"Chini ya pazia niliona miguu minne. Karatasi ikachanika. Mama mkubwa akasema, 'Basi.' Miguu ya mama ikarudi nyuma, kidogo kidogo, mpaka visigino vikagota kabati."

Nani kachana? Mtoto hajui, nasi hatulali. Ila amua kwanza: anasimulia akiwa na miaka 9, au ni mtu mzima anayekumbuka? Mtu mzima anaruhusiwa kusema "baadaye mama aliniambia". Mtoto haruhusiwi.

Mchwa wa Vitabu
Na lugha yake uiangalie.

Kalamu Butu
Nimerudi kukagua. Sura ya pili nimemwandikia "mgogoro wa mirathi". Huyo si mtoto, ni wakili! Nimefuta, nimeandika "ile kelele ya nyumba". Nabaki na "mimi", miaka 9. Samahani Msomaji wa Usiku, ushauri wako nauweka kwa riwaya ijayo.

Msomaji wa Usiku
Haina shida. Ila mtoto anaamka kwa sababu gani? Usiseme ndoto mbaya.

Kalamu Butu
Kiu. Alikula dagaa wa chumvi, na mtungi uko sebuleni.