Tupeane uzoefu: roki gani inafaa treni za modeli zikizunguka, na sabufa inakaa wapi?

Kokoto Laini
Wakuu, kuna video inazunguka: reli ya modeli ya HO (skeli ya 1:87) imejengwa ikajengeka, kichwa cha treni cha dizeli, mabehewa ya mizigo 20, halafu wakaipigia piano ya kumlaza mtoto. Jamani! Chuma juu ya chuma kinataka gitaa. Tutajiane, ila kila mtu atoe na sababu, na aseme vyombo vinapangwaje visiharibu reli.

Naanza na Locomotive Breath ya Jethro Tull (1971). Piano ya mwanzo inajivuta zaidi ya dakika moja kabla gitaa na ngoma hazijaingia kwa nguvu, na hapo ndipo penye utamu wa kupanga mwondoko. Kwa dikoda (saketi ndani ya kichwa inayopokea amri) zinazofuata kanuni ya NMRA, chama cha wanamodeli wa reli Marekani, thamani ya CV3, ile namba ya kupanga mwondoko, ukiizidisha kwa 0.896 unapata sekunde za kutoka kusimama hadi mwendo wa juu. Weka 80, ni sekunde 72 hivi. Fungua mwendo piano ikianza, gitaa likiingia treni ishachanganya.

Bogi Mbili
Nakazia. Na Crazy Train ya Ozzy (1980). Ule mwito wa kupanda treni pale mwanzoni ni wa kubonyezea honi.

Risasi na Waya
@Kokoto Laini hiyo 0.896 usiisambaze bila tahadhari. Dikoda ya sauti LokSound 5 ya ESU inazidisha kwa 0.25. Mtu akiweka 80 kichwa kinafika mwendo wa juu kwa sekunde 20, piano bado inajinyoosha. Kwenye hiyo nenda hadi 255, utapata kama sekunde 64. Someni kitabu cha dikoda yenu kwanza, halafu ndiyo mje na roki.

Taruma
Mnahangaika na mwondoko wakati raha yenyewe ni viungo vya reli kugonga sambamba na ngoma. Hili ni hesabu tu, halihitaji kipaji. Reli za zamani za Marekani zilikuwa vipande vya futi 39, yaani mita 11.9. Ukitaka gurudumu ligonge kiungo kimoja kwa kila pigo, chukua mapigo kwa dakika uzidishe kwa 0.71, jibu ni kilomita kwa saa za skeli, yaani mwendo ambao treni halisi ingekwenda. Mapigo 100, treni iende 71. Mapigo 140 ni 100, na kama ni treni ya mizigo kata nusu, iende 50, igonge pigo moja iruke moja. Iwe skeli ya N (1:160), HO au O, hesabu haibadiliki, kwa sababu urefu wa kipande na mwendo vimepunguzwa kwa kiwango kilekile.

Kupima mwendo: weka alama mbili zenye umbali wa mita moja, hesabu sekunde behewa linapopita. HO, gawanya 313 kwa hizo sekunde. N, 576. OO (1:76), 274. Kwa hiyo HO ya kilomita 71 inamaliza mita kwa sekunde 4.4.

Kasoro ni kwamba reli ya kupinda kwa mkono inakuja na urefu wa sentimita 91, kwa hiyo unasikia kiungo kimoja pale ambapo pangekuwa na sita. Chora viungo vya uongo: kila milimita 137 kwa HO, 74 kwa N. Tumia msumeno mwembamba wa modeli, pitisha mara mbili tatu juu ya reli, kina kisizidi milimita 0.3. Ukimaliza pitisha tupa laini upande wa ndani, maana kijichuma kilichobaki hukwaruza gurudumu na kukusanya uchafu. Karibu na pointi (panapogawanyika njia) usikate kabisa.

Magurudumu yawe ya chuma. Ya plastiki yanapita kimya. Na angalia gundi ya kokoto. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka inakuwa ngumu, inaunganisha mataruma na ubao moja kwa moja, sponji uliyotandika chini inabaki pambo na plaiwudi nzima inavuma. Gundi ya mpira inabaki laini, mlio unakaa kwenye reli.

Pointi Kushoto
Hesabu nzuri ila umeila nusu. Marekani viungo vya reli ya kushoto na ya kulia havikai sambamba, kimoja kinaangukia katikati ya kingine. Mlio unakuja kila futi 19 na nusu. Waliolinganisha viungo ni Waingereza, na vipande vyao vilikuwa vya futi 60. Huko zidisha kwa 1.1.

Taruma
Nimeandika kiungo kimoja kwa kila pigo. Cha upande wa pili kinaingia katikati ya mapigo. Huo ndio mdundo wenyewe!

Pointi Kushoto
Kinaingia kwenye ngoma ya nani? Na bogi (fremu ya magurudumu chini ya behewa) ina ekseli mbili, kila kiungo kinagongwa mara mbili. Hapo ushapata fujo, si mdundo.

Bogi Mbili
Mimi nawasikiliza tu, jina langu linajieleza.

Besi Nzito
Mmeongea milio mizuri, sasa tuseme mbaya: sabufa kuwekwa chini ya meza ya reli. Watu huisukumia pale kwa sababu ndipo penye nafasi, na balaa lake huwa ni lilelile.

Yadi iko upande mmoja, mabehewa yamesimama bila kichwa. Magurudumu ya chuma, ekseli zenye ncha. Behewa la namna hiyo halitaki mteremko mkubwa kuondoka lenyewe. Yadi ina mteremko mdogo ambao hakuna aliyeupima, kilicholishikilia ni msuguano tu. Besi ya hezi 40 hadi 60 ikiingia, plaiwudi ya milimita 9 isiyo na mbao za kukaza inacheza kama ngozi ya ngoma. Msuguano unaachia. Behewa la mwisho linaanza kutambaa, milimita kwa milimita, na hakuna anayeliona kwa sababu wote wanatikisa vichwa. Linavuka pointi, linaingia njia kuu. Kama kuna mpando wa kuzunguka wa asilimia 2 au zaidi kati ya ghorofa mbili za reli, hapo halishikiki: linashuka mizunguko yote gizani na kukutana uso kwa uso na treni inayopanda. Mizunguko ya juu ikikosa ukingo, kinachofuata ni kichwa chenye dikoda ya sauti kuanguka sentimita 120 hadi sakafuni. Ngazi na vishikio vimevunjika, ekseli zimepinda, waya za spika zimechomoka ndani. Na wimbo bado haujafika kiitikio.

Dawa sasa. Sabufa isimame sakafuni peke yake juu ya sponji nzito, isiguse mguu wa meza wala ukuta ambao meza imefungiwa. Spika ndogo zilizo karibu na reli zikatiwe besi kwenye amplifaya, chini ya hezi 100 zisipige. Chini ya plaiwudi weka mbao za kukaza kila sentimita 40. Yadi pima kwa pima maji. Njia yenye mteremko usioondoleka, toboa tundu dogo kati ya mataruma mawili, chomeka unywele mmoja mgumu wa brashi ya nailoni ufike usawa wa ekseli: behewa linakaa, kichwa kikija kulivuta linapita bila shida. Kwenye mpando, ukingo wa sentimita 5 kila mzunguko. Bila mjadala.

Mkaa Bado
Au mpunguze sauti tu 😂

Besi Nzito
Roki ya kunong'ona si roki, mzee.

Mkaa Bado
Na treni usiyoisikia ikilia si treni. Gia iliyokauka grisi inapiga kelele siku nyingi kabla haijafa, brashi za mota vilevile. Wewe uko kwenye solo ya gitaa. Kanuni ni rahisi: ukisimama mita mbili kutoka kwenye pointi na husikii magurudumu yakiivuka, sauti imezidi.

Shabiki wa Reli
Jamani mnamsahau bingwa wa mada hii? Rod Stewart, yule mwimbaji wa roki! Mwaka 2019 jarida la Railway Modeller lilitoa reli yake, HO ya 1:87, jiji la Marekani la miaka ya 1940, maghorofa, viwanda, moshi na kutu, kazi ya zaidi ya miaka 20. Akiwa kwenye ziara za muziki alikuwa anachukua chumba cha ziada hotelini kwa ajili ya kujengea majengo. Mtangazaji Jeremy Vine wa BBC Radio 2 akadokeza kwamba hakuijenga mwenyewe. Rod akapiga simu studio, hewani, kumrekebisha!

Kokoto Laini
Hii nimeipenda sana. Alipiga mwenyewe?

Shabiki wa Reli
Mwenyewe. Akasema asilimia 90 ni kazi ya mikono yake, nyaya za umeme ndizo alizosaidiwa.

Pointi Kushoto
Basi mtu wa nyaya ndiye aliyejenga reli. Majengo hayaendeshi treni.

Shabiki wa Reli
Wewe leo umeamka na nini? Majengo ndiyo sehemu iliyotoa watu macho. Tazama kuta zake, hakuna tofali linalong'aa.

Risasi na Waya
Kwa ufundi wa umeme mimi nampa mwanamuziki wa roki Neil Young. Mwaka 1995 aliingia kwenye umiliki wa Lionel, kampuni ya treni za modeli, na mchango wake uko kwenye rimoti na mifumo ya sauti ya treni zao. Alianza kwa kutafuta namna mwanawe mwenye ulemavu angeweza kuendesha treni kwa kitufe. Huyo hakuishia kukusanya vichwa.

Shabiki wa Reli
Treni za Lionel zinatembea juu ya reli tatu badala ya mbili. Tusichanganye mambo.

Kokoto Laini
Rod na Neil tuwaache wapumzike. Nimeulizwa pembeni juu ya kuweka spika ndani ya behewa lenyewe, muziki uzunguke na treni. Mwenye utaalamu?

Risasi na Waya
Behewa la mizigo lililofungwa, HO, bogi zenye kuchota umeme pande zote. Umeme wa DCC (mfumo wa kidijitali wa kuendesha treni) unageuka-geuka, kwa hiyo uingie kwanza kwenye dayodi nne za Schottky, SS14 zinatosha, zikiwa daraja ili uwe wa mwelekeo mmoja. Baada ya hapo kapasita ya mikrofaradi 470, volti 25. Usiiunge wazi: pitisha kwenye rezista ya ohmu 100 na dayodi sambamba nayo, kapasita ijae polepole lakini itoe haraka. Bila hivyo kila ukiwasha, busta (kikuza umeme wa reli) inaona kama shoti. Kisha kishusha volti, kiwekwe volti 5 kwa kipimo KABLA ya kuunganisha kitu kingine. Mwisho moduli ya Bluetooth na amplifaya ya PAM8403.

Mambo mawili huwashinda wengi. Kwanza, PAM8403 waya zote mbili za spika ziko hai. Ukiunga hasi ya spika kwenye hasi ya umeme unaiua. Pili, mvumo. Umeshaunganisha vyote, kabla wimbo haujaanza unasikia "ziiii" inayobadilika kila Bluetooth ikitafuta simu. Ni umeme wa moduli na wa amplifaya kushirikiana hasi. Weka B0505S ya wati 1, kigeuzi kinachotenga umeme, kulisha Bluetooth peke yake, ziiii inaondoka.

Spika ile ya milimita 11 kwa 15 ni lazima iwe na kisanduku kisichovuja nyuma. Ikiwa wazi, sauti ya nyuma inaiua ya mbele na unabaki na kigitaa cha mbu. Besi usiitarajie kwa vyovyote.

Taruma
Mzunguko wote huo wa nini? Betri ya LiPo ya volti 3.7, miliampia-saa 300. PAM8403 inafanya kazi tangu volti 2.5. Hakuna dayodi, hakuna kapasita. Ikila miliampia 150 kwa wastani unapata saa mbili. Na uzito wa betri unahesabika: kwa pendekezo la NMRA, behewa la HO la inchi 6 liwe gramu 113.

Risasi na Waya
Betri bila saketi ya kuilinda ndani ya behewa la plastiki. Haya, hongera. Na moduli nyingine za Bluetooth zikiona volti zimeshuka zinazima katikati ya wimbo.

Taruma
Saketi ya kulinda inakuja na betri yenyewe. Nunua yenye saketi.

Sumaku
Kitu hamjagusa: sumaku ya spika kubwa ikifungwa chini ya ubao karibu na reli inafunga swichi za mwanzi zinazosoma treni inapopita, mfumo unaona treni hewa. Na kwa wenye kapla (viunganishi vya mabehewa) za Kadee, pini zile ni za chuma, zinavutwa kando na treni inakatika pale pale kila mzunguko. Mtu anabadilisha kapla zote kumbe mchawi ni spika.

Gitaa la Mvuke
Long Train Runnin' ya Doobie Brothers (1973). Gitaa lake lina mkwaruzo wa mvuke. Sina hesabu, nasikiliza tu.

Bogi Mbili
Huyu ndiye mtu mwenye akili humu.

Mkaa Bado
Wa video: ukiweka wimbo wa watu kwenye YouTube, wenye haki wanaweza kuidai au kuizima sauti. Rekodi treni bila muziki, wimbo utaje kwenye maelezo, mtu aupige kwake. Na kwenye maonyesho ya hadhara muziki unataka leseni, ulizeni wenye ukumbi kwanza.

Besi Nzito
Na wanaolalamika kwamba roki inaficha shoti: balbu ya breki ya gari, ile ya 1156 ya volti 12, iunge mfululizo na waya mmoja wa kila kipande cha reli. Mambo yakiwa sawa haiwaki. Shoti ikitokea inawaka na kuzuia mkondo usipande sana, vipande vingine vinaendelea kutembea. Huhitaji kusikia, utaona.

Pointi Kushoto
Inapata moto sana hiyo, inaunguza mbao. Na kichwa chenye dikoda ya sauti kikianza kwenye kipande kile inawaka kidogo, watu wanadhani ni shoti.

Besi Nzito
Isigusane na ubao, ining'inie kwenye soketi ya bati sentimita 3 mbali na mbao. Kuwaka kidogo wakati kapasita za dikoda zinajaa ni kawaida, inazima sekunde hiyohiyo. Ikibaki inawaka ndipo uzime muziki na uanze kutafuta, kwanza kwenye pointi.