Amri "starboard", meli inakwenda kushoto: nani kakosea?

MshonaManeno:
Habari zenu wakuu. Natafsiri maelezo ya filamu fupi ya historia, meli za mvuke za Waingereza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuna mahali ofisa anampigia kelele mshika usukani: "Hard a-starboard!" Nikaandika "Kulia kabisa!", nikajua nimemaliza. Kutazama picha, meli inapinda kushoto. Nimerudisha nyuma mara nne, bado kushoto.

Nikaenda kuchungulia tafsiri za wenzangu. Mfaransa kaweka "tribord", nikadhani mna "tri" ya tatu ndani yake. Mhispania "estribor", nikakumbuka "estribo", kikuku cha kupandia farasi. Mjerumani "Steuerbord". Haya maneno ni ndugu au yamefanana sura tu? Na aliyekosea ni mimi au filamu?

Kasia:
Ni ndugu wa tumbo moja, mkuu. Sahau tatu, sahau farasi.

Zamani kule kaskazini mwa Ulaya, kabla usukani haujahamia tezini, yaani nyuma ya chombo, chombo kiliongozwa kwa kasia pana lililofungwa ubavuni, upande wa kulia, maana watu wengi nguvu zao ziko mkono huo. Chombo cha Gokstad, kilichofukuliwa Norwei mwaka 1880, kina kasia lake upande huohuo. Kwa lugha yao ya kale "stýri" ni usukani na "borð" ni ubao, yaani ubavu wa chombo. Waingereza wa kale wakasema "steorbord", Waholanzi "stuurboord". Wafaransa walilipokea likiwa "estribord", baadaye wakalikata kichwa.

Sisi mkono wa kulia tumeuita kwa kulia chakula. Wao ubavu huo wameuita kwa kuendeshea.

Kushoto nako kuna "bakboord" ya Kiholanzi. "Bak" hapo ni mgongo: aliyeshika kasia kwa mikono miwili ubavu wa kulia, mgongo wake uliangalia kushoto. Ndipo zilipotoka "bâbord" ya Kifaransa na "babor" ya Kihispania. Waitaliano hawajisumbui, kwao ni "dritta" na "sinistra" basi.

BahariaMstaafu:
Kasia kaeleza vizuri asili, ila meli ya mwenzetu bado inakwenda kushoto!

Kijana, hujakosea, na filamu haijakosea. Amri za zamani hazikuwa za meli, zilikuwa za kana, ule mti wa kugeuzia usukani. Ukisukuma kana kulia, bapa la usukani linakwenda kushoto, na omo, yaani mbele ya chombo, inafuata kushoto. Magurudumu ya usukani yakaja, lakini amri zikabaki zilezile. Hata Titanic mwaka 1912 iliamriwa "hard a-starboard" ili ikwepe siwa barafu kwa kushoto. Waingereza waliuacha mtindo huo mwaka 1933. Nimeshika usukani miaka 11 na bado nikiwaza hilo kichwa kinazunguka.

Nyongeza. Kushoto Waingereza walikuita "larboard". Hebu simama kwenye upepo mkali upige kelele: larboard, starboard! Nani atakusikia tofauti? Mwaka 1844 wakuu wa jeshi lao la majini wakaagiza litumike "port", yaani bandari. Chombo chenye kasia ubavu wa kulia kiliegeshwa kwa kushoto, la sivyo gati lingelisaga kasia.

Na ukitafsiri, usiache "kulia" peke yake. Mtu aliyekaa akitazama tezi, kulia kwake ni kushoto kwa chombo.

MshonaManeno:
Shikamoo mzee, na asante Kasia. Nimebadilisha: "Kana kulia kabisa!" Inaenea kwenye mstari wa skrini bila taabu. Shida ni mhariri wangu. Kesharudisha ujumbe kuuliza "kwamba" imepotelea wapi.