Hivi hizi ripoti za takwimu za afya, MTUHA, tunazojaza kila mwezi kuna mtu anazisoma kweli?

Nesi_Ndanindani:
Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie mawazo maana naelekea kuchoka. Niko zahanati moja huku ndani ndani, watumishi tuko wawili na mhudumu mmoja basi. Asubuhi kliniki ya watoto, mchana wagonjwa wa nje (OPD), akija mama wa kujifungua ndo kila kitu kinasimama. Sasa mwisho wa mwezi ndo balaa lenyewe, nakaa na vitabu vya kuandikisha wagonjwa, namba 5, namba 6, namba 7, namba 12, nahesabu mstari kwa mstari, napiga tali, najumlisha, nahamishia kwenye fomu ya muhtasari, tarehe 7 iwe imefika wilayani wakaingize kwenye DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Juu ya hapo tumeletewa GoTHoMIS, mgonjwa anaandikishwa kwenye kompyuta na kwenye kitabu bado anaandikwa kwa sababu umeme ukikata huna kitu. Bado ripoti ya magonjwa ya mlipuko ya kila wiki kwa simu. Kinachorudi kwetu ni "ripoti yako iko wapi" au "namba zako hazijakaa sawa rekebisha". Hizi data zinatusaidia nini sisi wa huku chini? Msinijibu kisemina jamani, semina nimekaa za kutosha.

Mzee_wa_Posho:
Zinasaidia mfadhili apate grafu ya kuweka kwenye ripoti yake 😂😂 we jaza tu dada. Mfumo wenyewe wa wazungu wa Norway huo, unategemea nini

MtuWaNamba:
Pole sana dada. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimekaa wilayani miaka na hizo fomu, kwa hiyo zile simu za "hazijakaa sawa" nimezipiga sana tu na najua zinavyokera. Ila ngoja nikwambie tunaona nini. DHIS2 imewekewa kanuni za kukagua, mfano waliokutwa na malaria hawawezi kuzidi waliopimwa, ukizidisha inapiga kelele. Na kuna vitu mfumo haupigi kelele ila mtu mwenye macho anaona, chukulia zahanati imeripoti wenye malaria 50 kwa kipimo halafu stoo imetoa dozi 90 za mseto, dawa ya malaria. Hizo 40 zimekwenda wapi? Inawezekana mnatoa dawa bila kupima, inawezekana vipimo viliisha katikati ya mwezi, inawezekana kuna mkono mrefu. Usipoliona wewe mwenyewe kabla ya kutuma, mwezi ujao mseto unakata na unayetukanwa na wananchi ni wewe, sio DMO (mganga mkuu wa wilaya).

Kingine ambacho kwa maoni yangu ndo cha maana kuliko vyote kwa zahanati: chukua Penta 1 na Penta 3, yaani dozi ya kwanza na ya tatu ya chanjo ya watoto ya Penta. Penta 1 mtoto anachoma wiki ya 6, ya pili wiki ya 10, ya tatu wiki ya 14. Toa ya tatu kwenye ya kwanza, gawa kwa ya kwanza, zidisha mia. Ukiwa na 40 na 31 hiyo ni 22.5%, na ikivuka 10% ujue una watoto wanaanza halafu wanapotea. Na usifanye kwa mwezi mmoja, jumlisha toka Januari, mwezi mmoja unadanganya. Uzuri wa hii hesabu haihitaji idadi ya watu. Maana ile asilimia ya chanjo inayotoka juu inagawanywa kwa makadirio ya sensa, kijiji kikipata machimbo au mnada mpya watu wanajaa, unakuta kituo kimechanja 130% wakati watoto wasiochanjwa wapo tele. Nimeona watu wanapigiwa makofi kikaoni kwa hiyo 130, nikacheka kimoyomoyo.

kisiwani_online:
@Mzee_wa_Posho hapo kwa Norway umekosea njia kidogo. Ni kweli Chuo Kikuu cha Oslo ndo wanaitengeneza, ila ilianzia Afrika Kusini, baada ya uchaguzi wa 1994 walikuta idara za afya zimegawanywa kwa rangi na kila moja ina fomu zake, ikabidi waanze kuziunganisha kwenye wilaya za Cape Town. Ndo maana hilo D la DHIS2 ni la wilaya (District). Lengo lilikuwa watu wa chini wazitumie namba zao wenyewe. Leo inatumika nchi zaidi ya 70, ni bure, na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana timu inayoifanyia kazi miaka mingi. Kwamba lengo limefika zahanati hilo sisemi, mwenye macho haambiwi tazama.

Mkenya_wa_Data:
Huku Kenya tuko kwa hiyo sistimu kitaifa tangu 2011, saa hii tunaiita KHIS, na malalamiko ni hayo hayo tu dadangu, fomu za MOH 705, 710, 711, nesi mmoja anajaza zote na bado foleni inamngoja nje. 2023 serikali ikapatia ma-CHP (wahudumu wa afya wa jamii) simu, karibu laki moja, wanaandikisha nyumba kwa nyumba kwa app ya eCHIS. Hiyo mimi naona imesaidia kwa sababu ina jina la mtu na boma lake. KHIS inakuambia tu watoto tisa wamepotea, haikuambii ni mtoto wa nani.

MtuWaNamba:
Umegonga penyewe Mkenya. DHIS2 ya ripoti za mwezi inabeba jumla tu, haina majina. Majina anayo dada kwenye kitabu namba 7, kile cha watoto. Wilayani tunaona tisa, yeye ndo anawajua ni akina nani. Na usiache kisanduku wazi kama huna mgonjwa, andika 0 kwenye fomu, ingawa na hapo napo kuna kituko, vipengele vingi mfumo hauhifadhi sifuri mpaka aliyeuseti aweke tiki ya kuhifadhi, kwa hiyo mkiambiwa hamjaripoti na mliandika 0 tunzeni nakala yenu.

Mzee_wa_Posho:
Sawa nimeelewa, ila suala la kuandika mara mbili hamjajibu mnalizunguka

MtuWaNamba:
Hilo sina jibu la kumfurahisha. GoTHoMIS ilitakiwa itoe ripoti ya mwezi yenyewe na kuisukuma DHIS2, penye umeme na mtandao wa uhakika inawezekana. Zahanati yenye umeme wa kubahatisha kitabu hakiachiki, mimi ningekuwa pale ningeshika kitabu kwanza, kompyuta baadaye. Anayekulazimisha vyote kwa watumishi wawili alete na wa tatu.

Nesi_Ndanindani:
Asanteni, hapo kwenye wa tatu nimesema amina. Nimepiga ile hesabu Januari mpaka Juni, Penta 1 ni 118, Penta 3 ni 97, karibu 18%. Nimefungua namba 7 naona wengi wa waliokatika wanatoka kitongoji kimoja ng'ambo ya mto, kliniki ya mkoba haijaenda huko toka masika yaanze kwa sababu pikipiki ni mbovu. Sasa hiyo ya pikipiki inajazwa kwenye fomu namba ngapi?

MtuWaNamba:
Hiyo haina fomu dada. Andika barua kwa DMO, hizo 118 na 97 ziweke mstari wa kwanza, na jina la kitongoji. Nakala kwa mratibu wa chanjo.