Mrejesho: ampifaya iliyokuwa ikivuma, tatizo lilikuwa kapasita

Wakuu, asanteni sana. Niliomba msaada kuhusu ampifaya yangu ndogo: spika inavuma, na regyuleta ya 7812 (kifaa cha kutuliza umeme ubaki volti 12) inatoa volti 10 na ushee badala ya 12.

Nilianza kwa kubadili 7812, haikusaidia kitu. Aliyesema nipime umeme unaoingia kwenye regyuleta ndiye aliyelenga penyewe. Mita ilisoma volti 13 tu, wakati 7812 inahitaji kama 14.5 ili itoe 12 iliyotulia. Kapasita ya kuchuja (inayolainisha umeme kabla haujaingia kwenye regyuleta), 1000µF/25V, haikuwa imevimba kichwa hata kidogo, ila nilipoing'oa nikakuta ute wa kahawia umekaukia kwenye bodi. Kwa hiyo msiiamini kapasita kwa macho! Nilisafisha kwa spiriti, nikaweka 2200µF/35V inayovumilia joto la nyuzi 105. Sasa zinaingia 17, zinatoka 12, na mvumo umekwisha kabisa.

Kilichobaki ni sauti ya mkwaruzo kwenye spika. Ile kapasita ya 0.1µF mliyosema niiweke karibu na pini ya 7812 ya kutokea umeme nimeiweka, lakini mkwaruzo haujaondoka. Unasikika nikizungusha volyumu tu, hivyo nitaibadili hiyo volyumu.