Tupeane uzoefu: maktaba ya chuo ilikusaidia nini, ukiacha kiyoyozi na usingizi?

Kaka wa Msewe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu kapata chuo, mwezi ujao anaripoti Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jana tunakula kaniuliza, "Kaka, hivi siku hizi mtu anaenda maktaba kufanya nini, na kila kitu kipo kwenye simu?" Nilitaka kumjibu kibabe, nikakumbuka kwamba na mimi miaka miwili ya kwanza nilikuwa naenda kulala. Hosteli tulibebana wawili kitanda kimoja, kwa hiyo kiti cha maktaba ndiyo lilikuwa godoro langu la mchana.

Kilichoniamsha ni risechi ya mwaka wa tatu. Nilisoma chuo kingine, hapa hapa Dar. Mada yangu ilikuwa misimu ya vijiweni, yaani Kiswahili cha vijana wa mtaani. Nikakaa kwenye kompyuta ya katalogi, nikaandika "Kiswahili", nikaandika "misimu", nikaandika "lugha ya mitaani". Vikaja vitabu vichache, vingine nimevijua tangu kidato cha sita. Nikaenda kwa supavaiza kifua mbele, nikamwambia mada hii haijaguswa na mtu. Wiki mbili nzima nilitembea kama mgunduzi.

Dawatini kulikuwa na mama mmoja ambaye nilikuwa namkwepa, maana alishawahi kuniamsha mara mbili. Siku hiyo akaniuliza, "Unatafuta kwa neno gani?" Nikamwambia. Akavuta kibodi, akaandika "Swahili language", akaongeza "slang". Skrini ikajaa.

Akanifafanulia kwamba anayeingiza kitabu kwenye katalogi hafuati neno lako wewe, anafuata orodha maalumu ya vichwa vya mada, na orodha inayotumika na vyuo vingi duniani ni ile ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Huko lugha yetu haiitwi Kiswahili. Kitabu kinaweza kuwa kimeandikwa na Mtanzania, kwa Kiswahili fasaha, kikachapwa Dar, na bado kichwa chake cha mada kikawa cha Kiingereza. Dawa yake ni kukipata kimoja tu kinachokufaa, ufungue taarifa zake, ubonyeze kichwa cha mada, na ndugu zake wote watakuja.

Halafu akaniandikia "PL 8701" kwenye kikaratasi, namba ya rafu ya vitabu vya Kiswahili, akasema, "Nenda kasimame pale, usome migongo ya vitabu." Nilisimama saa nzima. Kitabu kilichonifaa kuliko vyote hakikuwa na neno hata moja nililokuwa nikitafuta kwenye jina lake. Na ugunduzi wangu ukafia pale pale, watu walishaandika miaka mingi kabla sijazaliwa. Nikapunguza mada, nikaishia na makondakta wa daladala tu. Bora aibu ya dawatini kuliko ya siku ya kutetea.

Haya, leteni zenu, nzuri na mbaya. Kwenye mbaya msitaje majina ya vyuo, tusije tukafutiwa uzi.

Kimbweta Namba Tatu

Mimi nimesomea kwenye vimbweta, vile viti vya saruji vya nje, miaka yote mitatu. Maktaba niliingia siku ya kusainiwa fomu ya kumaliza chuo. Nilitoka na GPA ya 2.9, kwa hiyo sina ushauri wowote. Nimekaa pale nasoma.

Sista wa Zamu ya Usiku

Mleta uzi umenikumbusha mbali. Mimi ni muuguzi, nilisoma masta Upanga huku nikiendelea na zamu. Nilikuwa naandika kuhusu mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Kuna makala moja kila mtu anainukuu, nikiifungua naambiwa nilipe dola 35. Hiyo ni karibu elfu tisini, na makala za namna hiyo nilizihitaji kama ishirini. Nilishaanza kuhesabu mshahara, na kweli siku moja nilikuwa njiani kwenda kwa wakala kuweka hela nilipie ya kwanza.

Nikapita maktaba kuprinti kitu kingine. Mkutubi akaiona ile kurasa ya malipo kwenye laptopu yangu, akaniuliza kwa upole, "Dada, unataka kununua maji na bomba liko nyumbani?"

Ndipo nikaijua Hinari. Ilianza 2002, Shirika la Afya Duniani likikubaliana na wachapishaji wakubwa kwamba taasisi za nchi za kipato cha chini zisome majarida ya afya bure au kwa ada ndogo. Baadaye wakaja wenzake: Agora ya kilimo na lishe, Oare ya mazingira, Ardi ya teknolojia, na 2018 Goali ya sheria. Zote ziko chini ya mwavuli mmoja unaoitwa Research4Life. Mimi peke yangu nisingeingia hata ningejua jina, kwa sababu anayesajiliwa ni taasisi, na paswedi inakaa kwa mkutubi.

Ile ya dola 35 ilifunguka papo hapo. Kulikuwa na nyingine mbili ambazo hazikuwemo. Mkutubi akanionyesha barua pepe ya mwandishi pale chini ya makala, akasema mwandikie mwenyewe, waandishi hawalipwi na ile hela. Nikaandika mistari minne. Mmoja alinitumia kesho yake, tena na salamu. Mwingine mpaka leo kimya.

Wakili Mtarajiwa

Sista, mimi niko mwaka wa nne wa sheria na hiyo Goali ndiyo naisikia leo, hapa, kutoka kwa nesi. Asante sana.

Mficha Vitabu Mstaafu

Wacha niungame, miaka imepita.

Kitabu cha uhasibu wa gharama. Darasani tuko zaidi ya mia tatu, maktaba ina nakala mbili. Moja inakaa kaunta ya akiba, unaacha kitambulisho, unasomea saa mbili hapo hapo, unarudisha. Ya pili iko rafuni, na atakayewahi ndiye mwenye bahati. Mimi nikaamua bahati ikae kwangu. Kila jioni naichukua naipeleka kwenye falsafa, naichomeka nyuma ya vitabu vinene vyenye vumbi. Asubuhi nafika wa kwanza, nachukua mali yangu, napiga msuli huku wenzangu wanazunguka rafu wanalaani.

Wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, nikaenda, hakipo. Nimepekua falsafa yote, jasho linatoka na kiyoyozi kinawaka. Kuuliza siwezi, nitasemaje? Nilipata sapu, nikarudia mtihani, na nilistahili.

Mama Rafu

Mwanangu Mficha Vitabu, hatukuwa wote chuo kimoja labda, lakini nakuhakikishia walikuwa wanakijua.

Nimefanya kazi hii miaka zaidi ya ishirini. Kabla milango haijafunguliwa tunapita rafu kwa rafu tukisoma namba. Uhasibu ni HF, falsafa ni B. Kitabu cha HF katikati ya B kinaonekana kama embe kwenye tenga la nyanya. Maficho yenu tunayajua kwa kichwa: falsafa, dini, na nyuma ya juzuu za takwimu za zamani. Msimu wa mitihani nimewahi kutoka na kitoroli kizima.

Sasa sikia lililo baya zaidi, ambalo wanafunzi wengi hamlijui. Tunapoomba bajeti ya nakala mpya tunaangalia kitabu kimeazimwa mara ngapi. Kitabu kinacholala mafichoni hakiazimwi. Kwenye ripoti kinaonekana hakina wasomaji. Mwaka unaofuata hela inakwenda kwa kitabu kingine. Kwa hiyo wewe na wenzako mia tatu mlikuwa mnakitafuta usiku na mchana, na karatasi ilisema hakuna anayekitaka. Angalau wangekuja watano dawatini kulalamika, kingeongezwa. Lalamikeni jamani, malalamiko yenu kwetu ni data.

Na jambo lingine, nikiwa nimeshika kalamu. Kila muhula tunatangaza mafunzo ya kutafuta makala na kupanga marejeo. Wanakuja saba, wanane. Wiki moja kabla ya kukusanya tasnifu, foleni inafika ngazini. Kuna binti alikuja na kurasa kumi na moja za marejeo alizochapa moja moja kwa mkono, supavaiza kambadilishia mtindo, naye kavimba macho. Tukamwekea Zotero, programu ya bure ya kupanga marejeo. Kubadili mtindo ni kubonyeza mara moja, lakini kwanza ilibidi tuingize kila kitu upya, na majina yetu yalitusumbua. Hiyo programu inataka jina la ukoo, na sisi tuna watu wanaoitwa Mohamed Salum Mohamed. Usipokuwa makini mtu mmoja anatokea kama waandishi watatu. Tulimaliza saa mbili usiku.

Mficha Vitabu Mstaafu

Mama shikamoo. Nimesoma hiyo ya bajeti mara mbili. Nisamehe.

Mama Rafu

Marahaba mwanangu. Yameisha.

Nadaiwa Kitabu

Langu ni chungu, chuo sitaji. Nazunguka na fomu ya kumaliza, maktaba wakakataa kusaini. Mfumo unasema nina kitabu. Nilishakirudisha, nakumbuka hadi siku: umeme ulikuwa umekatika, wakaandika kwenye daftari. Daftari lenyewe halionekani. Wananitaka nilipe bei ya kitabu mara kadhaa. Nimekwenda na kurudi wiki tano, na usaili wa kazi unanisubiri na cheti.

Siku ya mwisho nikanakili namba ya kitabu kwenye kiganja, nikapanda mwenyewe rafuni. Kiko pale, mahali pake hasa, kimenyooka! Nikakibeba hadi kaunta. Kijana akakipitisha kwenye mashine, akaniangalia, akasema, "Inaonyesha bado umekiazima." Nikamwambia ndiyo, na sasa nakirudisha. Akasaini.

Mama Rafu

Pole sana. Hapo kosa ni letu na sina cha kutetea. Wengine: ukirudisha kitabu, usiondoke mpaka uone jina lako limefutwa kwenye skrini. Umeme ukiwa umekatika, piga picha ule mstari wa daftari.

Mjukuu wa Kilwa

Kwa mdogo wake mleta uzi: kuna vitu simu haina na haitakuwa navyo karibuni. Mimi nilifanya historia. Pale Mlimani kuna sehemu inaitwa East Africana, imekusanya vitu vya Afrika Mashariki: tasnifu, nyaraka za serikali, magazeti ya zamani. Hakuna kuazima, unasomea pale pale.

Nilikuwa nasoma Mambo Leo, gazeti la Kiswahili lililoanza kutoka hapa Dar mwaka 1923, likisimamiwa na idara ya elimu ya Waingereza. Ukilisoma kwa haraka ni sauti ya serikali tupu. Lakini barua na mashairi ya wasomaji ni kitu kingine kabisa, watu wanajibizana, wanasutana kwa vina na mizani, Shaaban Robert naye alipeleka mashairi yake humo. Nilikwenda kutafuta habari za bei ya mazao. Siku ya tatu nikakuta shairi lililotumwa kutoka Kilwa, na jina la mtungaji ni la ukoo wa bibi yangu mzaa mama.

Nikanakili kwa penseli, karatasi zile zimechoka, sikuthubutu hata kuziinamia sana. Nyumbani hakuna anayemkumbuka huyo mtu. Bibi alinisikiliza hadi ubeti wa mwisho, akasema, "Soma tena."

Bei ya mazao niliipata pia, kama kuna anayejali.

Dola Mia Mbili

Fupi: nilipata barua pepe, jarida la "kimataifa" litachapisha makala yangu ndani ya siku tatu kwa dola 200. Nilishakopa. Mkutubi akanifundisha kuangalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya wazi iliyoanza 2003. Halimo. Tukaangalia bodi ya wahariri, profesa mmoja ana fani nne zisizohusiana. Nikarudisha mkopo. Makala ikatoka miezi tisa baadaye kwenye jarida la Afrika linalopatikana AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, baada ya wahakiki wawili kunichanachana. Hawakunionea.

Kimbweta Namba Tatu

Nimesoma wote. Lile jengo jipya la Mlimani la 2018, la msaada wa China alilozindua Magufuli, lilielezwa kwamba linachukua watu 2,100 kwa mpigo na vitabu 800,000. Enzi zangu lingekuwepo ningekuwa na GPA nyingine.

Kaka wa Msewe (mleta uzi)

Mkuu, enzi zako la zamani lilikuwepo.

Wakuu nawashukuru. Dogo kausoma uzi wote kwenye simu, kanyamaza, kisha kauliza siku ya kwanza abebe nini. Mama Rafu, tusaidie.

Mama Rafu

Kitambulisho, penseli, na namba ya kitabu awe ameshaiandika kabla hajapanda ngazi. Na sweta, maana kiyoyozi hakijui kama Dar kuna joto.