Mteja anataka app ya kikoba ifanane na daftari la ngozi, nifanyeje?

Kijana_wa_Ziwa: Wakuu, habari zenu. Mimi ni dizaina, nipo Mwanza. Kikoba cha akina mama kimenipa kazi ya app ya hesabu zao. Nikawapelekea muundo wa kisasa: nyeupe tupu, maandishi membamba, hakuna kivuli. Mwenyekiti kaishika simu, kaniuliza, "Sasa mwanangu, hapa nabonyeza wapi?" Anataka jalada la ngozi na vitufe vinavyong'aa kama app za zamani. Hayo mambo sijawahi kuyachora. Nikubali au nikatae?

Mtu_Baki: Mpe anachotaka, chukua chako. Ila usije ukamwonyesha mtu mwingine kazi hiyo 😂

Mzee_wa_Pikseli: Dogo, usimcheke. iPhone ilipotoka 2007, wengi hawakuwa wamezoea kubonyeza kioo kitupu. Apple wakaiga vitu vya mkononi: app ya Notes ikawa karatasi ya njano yenye mistari, iBooks ya vitabu ikawa rafu ya mbao, Game Center ya michezo ikawa kitambaa cha kijani cha meza ya kamari. Baadaye wakapitiliza. Podcasts ya 2012 ilikuwa na mkanda unaozunguka kwenye magurudumu, kitu ambacho vijana wengi hawajawahi kukiona! Oktoba 2012 ikatangazwa kwamba Scott Forstall, bosi wa iOS (mfumo wa iPhone) na mtetezi wa staili hiyo, anaondoka. Jony Ive, dizaina mkuu wa Apple, akashika usukani, na Septemba 2013 iOS 7 ikafagia ngozi na mbao zote. Microsoft walishaanza na flati, yaani muundo bapa usioiga vitu halisi, kwenye mfumo wao wa simu Windows Phone 7, mwaka 2010.

Bando_Limeisha: Fasheni ni nusu tu ya habari. Simu zilipokuwa na skrini za kila saizi, picha moja ya ngozi ilibidi uitoe kwa vipimo kibao. App inavimba, na wanachama wako wanaipakua kwa bando la kuungaunga.

Dada_Fonti: Jamani, mama kauliza abonyeze wapi. Hilo ndilo la kujibu. Hata Apple walilalamikiwa kwa hilohilo, iOS 7.1 ikaja na mpangilio wa kurudishia vitufe umbo. Achana na jalada, ila kitufe kionekane ni kitufe: rangi iliyojaa, kivuli kidogo chini, kikibonyezwa kizame. Andika "Nunua hisa" kwa maneno, siyo alama ya jumlisha peke yake. Maandishi yanenepeshe. Halafu mpe simu mwanachama ambaye hajaiona app, mwambie anunue hisa, na wewe unyamaze umtazame kidole.

Mzee_wa_Pikseli: Naunga mkono. Na 2025 Apple walirudi na Liquid Glass, muonekano wa vioo vinavyopenya mwanga, watu wakalalamika maandishi hayasomeki. Usikimbilie na hiyo pia.

Kijana_wa_Ziwa: Dada_Fonti, ubarikiwe. Sasa mwenyekiti aking'ang'ania ngozi yake?

Dada_Fonti: Mwekee kwenye aikoni ya app. Ndani usiguse.